Ridhaa ya Asiyejua: Wahudumu wa Ndege na Swali la Kusamehe Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Swali la makala hii ni moja. Mwajiri anamwomba mfanyakazi wake asamehe sehemu ya mshahara na akubali saa nyingi zaidi za kazi, ili kampuni isife. Mfanyakazi akikubali, je, amesamehe kwa hiari yake au amenyang'anywa kwa maneno mazuri? Na akigundua baadaye kwamba kuna jambo alifichwa, ahadi aliyoitoa bado inamfunga?

Wengi wetu tuna majibu ya haraka. Mmoja atasema ahadi ni deni, aliyetia saini ametia saini. Mwingine atasema mwenye njaa hana hiari, kwa hiyo saini yake haina uzito. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Badala ya kubishana hewani, tuchukue kisa kimoja cha kweli tukipime. Sisi tunaosoma muamalat tumezoea mifano ya ngamia na tende. Kisa hiki kinahusu wahudumu wa ndege wa shirika la American Airlines la Marekani, mwaka 2003, na mtaona kwamba maswali yake ni yale yale.

Yaliyotokea

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, abiria wa ndege walipungua sana na mashirika ya Marekani yakaanza kuyumba. Kwa American Airlines msiba ulikuwa ndani ya nyumba. Mbili kati ya ndege nne zilizotekwa zilikuwa zake, na wahudumu wake 13 waliuawa siku hiyo. Mwaka 2002 kampuni mama, AMR, ilipata hasara ya takriban dola bilioni 3.5.

Mwanzoni mwa 2003 uongozi, chini ya mkurugenzi mkuu Don Carty, ukawataka wafanyakazi wakubali kupunguza gharama kwa dola bilioni 1.8 kwa mwaka. Vyama vyao visipokubali, kampuni ingekwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Kila mfanyakazi alijua maana ya hilo. Chini ya sheria ya kufilisika ya Marekani, jaji anaweza kuiruhusu kampuni iitupe mikataba ya kazi iliyopo na kuweka masharti makali zaidi.

Fungu la wahudumu wa ndege lilikuwa dola milioni 340 kwa mwaka. Mishahara yao ingekatwa zaidi ya asilimia 15, na kanuni za kazi na ratiba zingelegezwa kwa faida ya kampuni, ili kazi ile ile ifanywe na watu wachache zaidi. Marubani na mafundi nao walipewa mafungu yao.

Katikati ya Aprili kura zikahesabiwa. Marubani na mafundi wakakubali. Wahudumu wa ndege wakakataa, kwa tofauti ndogo. Upigaji kura wao ukaongezwa siku moja, na matokeo yakageuka: wakakubali.

Siku hizo hizo ikajulikana, kupitia taarifa ya mwaka ambayo kampuni ililazimika kuiwasilisha kwa wasimamizi wa soko la mitaji, kwamba wakuu wa kampuni walikuwa wameshajiandalia mambo yao. Baadhi yao waliahidiwa malipo ya mara mbili ya mshahara wa mwaka endapo wangebaki kazini hadi Januari 2005. Zaidi ya hapo, dola milioni 41 zilikuwa zimewekwa katika mfuko maalumu wa pensheni za wakuu 45, mahali ambapo hata kampuni ikifilisika wadai wasingezifikia. Wafanyakazi walipiga kura bila kuambiwa haya.

Hasira ilikuwa kubwa. Carty akaomba radhi na kufuta yale malipo ya kubaki kazini, ila mfuko wa pensheni haukuguswa. Tarehe 24 Aprili akajiuzulu. Mkataba ukarekebishwa kidogo, muda wake ukapunguzwa kutoka miaka sita hadi mitano, na viongozi wa chama cha wahudumu wakaukubali. Kampuni haikwenda mahakamani mwaka huo.

Je, walilazimishwa?

Tuanze na hoja ya mwenye njaa. Katika fiqhi tunafundishwa kwamba mali ya mtu haimhalalikii mwingine ila kwa biashara ya kuridhiana. Hilo limo katika Sura an-Nisaa, aya ya 29. Ikrahi, yaani kulazimishwa, huiondoa ridhaa. Lakini wanazuoni hawakuiita kila dhiki ikrahi. Mtu anayeuza shamba lake kwa sababu ana deni amebanwa, ndiyo, ila mauzo yake si batili kwa sababu hiyo peke yake. Kama dhiki tu ingetosha kubatilisha mikataba, maskini asingeweza kuuza wala kuajiriwa, maana nani angethubutu kufanya naye mkataba?

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wahudumu wale hawakuwa na hiari kwa sababu tu kampuni ilikuwa taabani. Hasara ilikuwa ya kweli. Kumwonea huruma mwenye dhiki ni jambo jema, hata kama mwenye dhiki ni kampuni, kwani nyuma ya kampuni kuna makumi ya maelfu ya watu wanaokula kupitia kwayo. Sura al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliyebanwa, na kumsamehe kabisa ikakitaja kuwa kheri zaidi.

Tena tunacho kisa kilichopokewa na Bukhari. Kaab bin Malik alimdai mwenzake deni, wakagombana msikitini hadi sauti zikapanda. Mtume (s.a.w.) akatoka, akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab kwa mkono asamehe nusu. Kaab akakubali. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa na kumwambia ainuke akalipe.

Tazama jinsi suluhu hiyo ilivyokaa. Aliyesamehe alijua hasa anasamehe nini: deni lilijulikana na nusu yake ilijulikana. Aliyesamehewa naye hakuachwa akae. Aliamrishwa papo hapo atekeleze upande wake. Msamaha wa mmoja ulizaa wajibu kwa mwingine. Hapo ndipo kisa cha mwaka 2003 kinapoanza kuharibika.

Nafaka iliyolowa

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la chakula likiuzwa. Akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakutana na umajimaji. Akamuuliza mwenye mali ni nini kile. Akajibu kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatoa onyo tunalolijua sote, kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim.

Muuzaji yule hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli, na nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli. Kosa lake lilikuwa katika mpango wa rundo: kavu juu, mbichi chini. Uongozi wa AMR nao haukusema uongo kuhusu hasara. Hasara ilikuwa kavu, juu, ya kuonekana na kila mtu. Kilicholowa kiliwekwa chini: kwamba wale wanaohubiri kujitolea walishajikinga wao wenyewe na mvua ile ile.

Atatokea mtu aseme kwamba malipo ya wakuu hayakuwa sehemu ya mkataba wa wahudumu. Dola milioni 41 ukiziweka karibu na bilioni 1.8 kwa mwaka ni fedha ndogo. Hata zingerudishwa, makato yangebaki. Hoja hii ina nguvu kimahesabu, ila haijafika kwenye kiini. Wahudumu hawakuombwa kuuza kitu kwa bei ya soko. Waliombwa wasamehe, na sababu waliyopewa ni kwamba jahazi linazama na kila mtu anatupa mzigo wake baharini. Sababu hiyo ndiyo iliyobeba kura nzima. Ukimwomba mtu sadaka ya kujenga madrasa na kumbe nusu ya kamati imeshajigawia mabati, umemdanganya, hata kama madrasa itajengwa.

Sura al-Mutaffifin inaonya dhidi ya watu ambao wakipimiwa wanataka kipimo kijae, na wao wakipima wanapunguza. Tumezoea kuisoma kama onyo kwa wauza mchele. Lakini kipimo ni kipimo. Anayepima dhiki ya kampuni kwa pishi kubwa anapozungumza na wahudumu, na kwa kikombe anapozungumza na wakurugenzi, ana vipimo viwili. Mlinganishe na Umar bin al-Khattab (r.a.) katika mwaka wa njaa, Aam ar-Ramada, alipojizuia samli na nyama mpaka watu wa kawaida wazipate. Yeye naye aliwataka watu wavumilie, lakini uvumilivu huo ulionekana kwanza kwenye sahani yake.

Basi ahadi inamfunga aliyefichwa? Fiqhi haisemi kwamba mkataba wenye tadlisi unayeyuka wenyewe, wala haisemi kwamba aliyedanganywa anyamaze kwa kuwa ameshatia saini. Inampa khiyari. Katika hadithi ya mnyama aliyefungwa chuchu asikamuliwe siku kadhaa ili aonekane ana maziwa mengi, mnunuzi akishagundua ana hiari: akitaka amshike, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Wanazuoni wametofautiana katika matawi ya mas'ala haya, lakini msingi wake jamhuri wanaushika: aliyefichwa anarudishiwa uamuzi.

Kwa mtazamo huu, ahadi ya kura ya kwanza haikuwafunga wahudumu. Ile ridhaa ya pili, baada ya rundo kupinduliwa na kilicholowa kuonekana, ndiyo yenye uzito. Waliikubali wakiwa na uchungu, lakini wakijua, na mkataba wakautimiza, kama Sura al-Maida inavyoanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba yao. Ukweli ni kwamba waliutimiza kupita kiasi. Chini ya sheria ya Marekani inayosimamia reli na ndege, mkataba wa kazi hauishi siku yake ikifika. Unafunguliwa tu kwa mazungumzo, na masharti ya zamani yanaendelea hadi mapya yapatikane. Miaka mitano ikaisha 2008, mazungumzo yakasota, na Novemba 2011 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika hata hivyo. Agosti 2012 wahudumu wakapiga kura kukubali makato mengine. Katikati ya miaka hiyo, 2006 na 2007, wakuu walilipwa hisa zenye thamani ya mamilioni mengi ya dola. Msamaha wa miaka mitano uligeuka kuwa wa takriban miaka tisa.

Saa haifanani na shilingi

Katika mijadala kama hii watu huzungumza mshahara, na ratiba huitaja kwa kupita tu. Mimi naona ratiba ndiyo nzito zaidi.

Mhudumu wa ndege anauza usiku wake, sikukuu zake na usingizi wake. Katika mashirika makubwa ya Marekani ratiba za mwezi huchaguliwa kwa ukongwe kazini. Mkongwe anachagua safari nzuri, na mgeni huwekwa zamu ya akiba, akae karibu na simu, akiitwa awe uwanjani ndani ya muda mfupi. Malipo yake kwa desturi yamehesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye lango la kupandia hadi inapofika. Ule muda wa kupandisha abiria, kuinua mabegi, kutuliza watoto na kungoja ndege iliyochelewa haukuwa na ujira wake wa saa. Delta ilianza kulipa muda wa kupandisha abiria mwaka 2022, kwa nusu ya kiwango. Wahudumu wa American Airlines walipata malipo ya namna hiyo katika mkataba walioupitisha Septemba 2024.

Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka ajiri khasi, yule anayeajiriwa kwa muda wake. Wanazuoni wamesema huyu anastahiki ujira kwa kujitoa tayari kwa kazi ndani ya muda huo, hata asipopewa kazi ya kufanya, kwa sababu kilichouzwa ni muda. Mpinzani atasema kwamba pande mbili zinaweza kukubaliana kulipana kwa saa za hewani tu, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Ni kweli, na si haramu yenyewe kwa yenyewe, maadamu inajulikana. Lakini anayemmiliki mtu kuanzia alfajiri na kumlipa kuanzia saa nne anapaswa angalau ajue kwamba anachukua muda wa mtu, na muda huo una thamani.

Kuna tofauti nyingine. Shilingi iliyokatwa inaweza kurudishwa. Kampuni ikipata faida inaweza kulipa nyongeza, hata malimbikizo. Lakini usiku ambao mama hakuwa nyumbani mtoto akiumwa, nani ataurudisha? Usingizi nao una mpaka ambao hakuna kura inayoweza kuusogeza. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani ziliruhusu mapumziko ya saa 9 kati ya zamu, na wakati mwingine 8, na ndani yake kuna safari ya kwenda hotelini, kula, kuoga na kurudi. Bunge lao liliagiza saa 10 mwaka 2018, na kanuni ikatoka 2022. Mhudumu ndiye anayewatoa watu ndani ya ndege moto ukiwaka, kwa hiyo usingizi wake si mali yake peke yake kiasi cha kuweza kuusamehe wote. Abiria wana haki ndani yake.

Katika Sura al-Qasas mna mkataba wa kazi ambao naurudia mara nyingi, kati ya Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan. Muda uliowekwa ni miaka minane. Musa akitimiza kumi, hilo ni kutoka kwake. Na mwajiri mwenyewe ndiye anayetamka kwamba hataki kumtia mashakani. Wajibu umetenganishwa wazi na hisani, kisha muda umewekwa mwisho wake. Inapokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Musa alitimiza ule mrefu zaidi. Hisani ya namna hiyo ina utamu kwa sababu hakuna aliyeikamua.

Nani hasa alilipa?

Tusije tukawafanya wahudumu wote malaika na wakuu wote mashetani. Mwaka 2001 American Airlines ilinunua shirika la TWA lililokuwa likifa. Wahudumu wa TWA, baadhi yao wakiwa na miaka zaidi ya 20 kazini, walipangwa mwisho wa orodha ya ukongwe, nyuma ya wale wote waliokuwa American tangu zamani. Ilipofika zamu ya kupunguza watu, orodha ilikatwa kutoka chini, na kufikia katikati ya 2003 karibu wote walikuwa wamesimamishwa kazi.

Jambo hili linanisumbua zaidi kuliko mfuko wa dola milioni 41. Wengi wanapopiga kura kusamehe, ni rahisi wakasamehe haki ya wachache waliokaa mwisho wa foleni. Mtu ana hiari ya kutoa kilicho chake. Hana hiari ya kutoa cha jirani yake hata akipata asilimia 51. Hili halihusu Marekani tu. Jumuiya zetu, kamati zetu, hata mabweni yetu, hupitisha maamuzi ambayo mzigo wake unawaangukia wa mwaka wa kwanza ambao hawakuwepo kikaoni.

Na sisi

Kwa nini mwanafunzi wa Uganda ajali kisa hiki? Kwa sababu miaka miwili au mitatu kutoka sasa wengi wetu tutakuwa mbele ya meza ya mwajiri. Wapo watakaoomba kazi hizi hizi za angani, kwa Uganda Airlines iliyofufuliwa mwaka 2019, au kwa mashirika ya Ghuba. Wengine watapitia mawakala wa Kampala kwenda huko kwa kazi nyingine. Katika Falme za Kiarabu vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi, kwa hiyo hakutakuwa na kura wala chama cha kuuliza kwa niaba yako. Utauliza mwenyewe.

Basi ukiombwa usamehe sehemu ya haki yako, uliza mambo matatu kabla ya kujibu. Je, nimeoneshwa rundo lote, pamoja na kilicholowa? Anayeniomba anatoa nini yeye mwenyewe, na kimeandikwa wapi? Na msamaha huu unaisha tarehe gani? Ukipata majibu na moyo ukaridhia, samehe, na usiwe mchoyo. Suluhu ni kheri. Usipoyapata, kukataa kwako si utovu wa shukrani. Na katika kila hali, usisamehe kwa niaba ya asiyekuwepo.

Wengine wetu tutakaa upande wa pili wa meza, na kwa hao swali ni gumu zaidi. Siku biashara yako itakapoyumba, na lazima siku hiyo ije, utawaita watu wako na kuwaambia ukweli kuhusu hasara. Utawaambia na ukweli kuhusu mshahara wako?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.